Wakuu, uhandisi jeni unafanyikaje hasa? Na faida na hatari zake za kweli ni zipi?

mtafuta_jibu:

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwenye hili maana kila nikiuliza naishia kupata ushabiki tu, huyu anakwambia GMO (kiumbe kilichobadilishwa jeni) ni sumu imeletwa kutumaliza, yule anakwambia ndo mkombozi na anayepinga hajaenda shule, hakuna anayekaa chini akakueleza jeni inatokaje kwenye kiumbe kimoja ikaingia kwenye kingine. Mimi baiolojia niliiacha sekondari, nakumbuka seli, kiini, kromosomu, basi.

Nataka kujua wanachofanya kule maabara ni nini, wanakata na nini kitu ambacho hata kwa macho hakionekani? Inatofautianaje na mbegu chotara ambazo zipo miaka yote? Nikila kitu kilichobadilishwa jeni, ile jeni inaweza ikaingia mwilini mwangu na watoto wangu wakairithi? Halafu la mwisho ambalo ndo limenileta hapa, nina mdogo wangu ana selimundu, kasikia kuna tiba ya kuhariri jeni na siku hizi haongelei kitu kingine, sijui nimpe moyo au nimtulize. Wanaojua naomba waje, na tuongee kwa heshima tafadhali.

kiini_cha_seli:

Mkuu karibu, maswali mazuri sana haya. Nitajibu ya maabara, la selimundu nawaachia watu wa hospitali wapo humu.

Tuanze na DNA. Karibu kila seli yako ina uzi wa DNA uliojengwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na kwa binadamu nakala moja kamili ya huo uzi ina herufi kama bilioni 3. Jeni ni kipande cha huo uzi chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani, sisi tunazo jeni za aina hiyo kama 20,000 hivi, na protini ndo zinapiga kazi karibu zote mwilini, insulini ni protini, himoglobini inayobeba oksijeni ni protini, vimeng'enya vya kusaga chakula tumboni ni protini. Sasa kuna jambo moja ukilishika hili mengine yote yanakuwa mepesi: namna ya kuzisoma hizo herufi ni ile ile karibu kwa viumbe vyote vilivyo hai. Herufi tatu zinazomwambia bakteria weka asidi amino (tofali la kujengea protini) hii hapa, ndo hizo hizo tatu zinazoiambia seli yako vilevile. Kwa hiyo ukichukua jeni ya mtu ukaiweka ndani ya bakteria, bakteria anaisoma na anatengeneza protini ya mtu kabisa, hana namna ya kujua kuwa imetoka nje. Mimi kila nikilifikiria hili huwa nashangaa upya.

Kuhusu kukata, hakuna kisu. Wanatumia vimeng'enya, na havikubuniwa na mtu, vimechukuliwa kwa bakteria. Bakteria nao wanashambuliwa na virusi, kwa hiyo wana vimeng'enya vinavyotambua mfuatano fulani wa herufi na kuukata ili kumharibu mvamizi. Kuna kimoja kinaitwa EcoRI, hicho kinatafuta GAATTC tu, kikiukuta kinakata, kisipoukuta kinapita. Na kikikata kinaacha ncha zenye herufi chache zinazoning'inia, hizo ncha zinashikana na ncha nyingine yoyote iliyokatwa na kimeng'enya hicho hicho, iwe ya mmea, ya mnyama, ya bakteria. Halafu kimeng'enya kingine kinaitwa ligesi kinafunga kiungo kiwe cha kudumu. Mwaka 1972 Paul Berg aliunganisha DNA za virusi vya aina mbili tofauti, 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer wakaingiza jeni kwenye plasmidi, yaani kile kipete kidogo cha DNA ambacho bakteria anacho pembeni na kromosomu yake, wakakirudisha ndani ya bakteria, bakteria akazaliana na watoto wote wakawa nacho. Hapo ndo mlango ulipofunguka. Na wanasayansi wenyewe waliingiwa na hofu, 1974 wakaomba wenzao wasimamishe baadhi ya majaribio, 1975 wakakutana Asilomar, California kupanga taratibu za usalama kabla ya kuendelea. Hilo watu wengi hawalijui, wanadhani tahadhari zililetwa na wanaharakati tu.

Faida ya kwanza kubwa iliyowafikia watu ni insulini. Zamani mgonjwa wa kisukari alikuwa anachomwa insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, zinahitajika kongosho nyingi mno na baadhi ya watu zilikuwa zinawaletea aleji. 1978 wakafanikiwa kumfanya bakteria E. coli atengeneze insulini ya binadamu, 1982 Marekani ikaidhinisha itumike. Leo insulini inayotumika duniani karibu yote inatengenezwa na bakteria au hamira zilizobadilishwa jeni. Chanjo ya homa ya ini B ni hivyo hivyo, tangu 1986 ipo inayotengenezwa na hamira iliyowekewa jeni moja ya kile kirusi, unapata kinga bila kirusi chenyewe kuwepo. Kwa hiyo mtu anayesema yeye hatatumia kamwe kitu cha uhandisi jeni, kuna uwezekano mkubwa ameshatumia na kimemsaidia.

Kwenye mimea njia iliyozoeleka inatumia bakteria wa udongoni anaitwa Agrobacterium. Huyu kwa asili yake anaingiza kipande cha DNA yake kwenye mmea, mmea unaota uvimbe, na yeye anaishi humo. Watafiti wakatoa zile jeni za kuleta uvimbe wakaweka jeni wanayoitaka wao, bakteria anafanya kazi aliyokuwa anaifanya toka zamani. Njia nyingine ni kurusha chembe ndogo sana za dhahabu zilizopakwa DNA ziingie ndani ya seli. Seli nyingi hazipokei kitu, wanachagua chache zilizopokea, wanazikuza kwenye chombo mpaka ziwe mche kamili, halafu kizazi baada ya kizazi wanaangalia jeni imekaa wapi na inafanya nini, inachukua miaka. Na mjue viazi vitamu tunavyovijua vina vipande vya DNA ya Agrobacterium ndani yake, vilijiingiza vyenyewe zamani bila mtu yeyote, watafiti walilitangaza hilo 2015.

Chotara sasa. Ukipandisha mimea miwili ya jamii moja unachanganya maelfu kwa maelfu ya jeni kwa mpigo, unasubiri uone umepata nini, na huwezi kutoka nje ya ukoo wake. Uhandisi jeni unaingiza moja au chache unazozijua, na zinaweza kutoka kwa kiumbe chochote. Kuna na njia ya tatu ambayo haipigiwi kelele, kuzipiga mbegu mionzi au kemikali ili jeni zibadilike ovyo kisha unachagua zilizotoka vizuri, aina zaidi ya 3,000 za mimea zimeshasajiliwa kwa njia hiyo na nchi nyingi haziziwekei masharti kama ya GMO japo hapo hakuna anayejua ni herufi zipi zote zimeguswa.

La kula: hapana mkuu. Kila ukila mmea au nyama unakula jeni zake mabilioni, tumbo na utumbo vinazivunja vipande kama chakula kingine. Ingekuwa jeni za chakula zinahamia kwenye mayai na mbegu za uzazi tungeshakuwa na majani mgongoni.

udongo_hai:

Mkuu hapo juu umeeleza vizuri sana na sina la kupinga kwenye maabara. Ila mimi ni mtu wa kilimo na naona umetuachia kwenye insulini ukakimbia shambani haraka, wakati ugomvi wote uko shambani.

Kwanza niseme la kweli, hofu ya kwamba ukila utabadilika jeni hata mimi naona inatupotezea muda, inaficha mambo yanayotakiwa kuulizwa. Ripoti kubwa ya akademi za sayansi za Marekani ya 2016 ilipitia tafiti mamia na haikukuta ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyopo sokoni vina madhara kwa afya kuliko vya kawaida. Sawa. Lakini ripoti hiyo hiyo ilikataa kusema GMO zote ni salama au zote ni mbaya, walisema kila moja iangaliwe peke yake, na hapo ndo mimi nasimama.

Angalieni mahindi na pamba za Bt. Kuna bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, anatengeneza protini ambayo kiwavi akiila inayeyuka kwenye utumbo wake maana utumbo wa kiwavi una alkali, inajishikiza kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo, inatoboa, kiwavi anakufa. Kwetu tumbo lina asidi na hivyo vipokezi hatuna, kwa hiyo inasagwa kama protini nyingine. Wakulima wasiotumia kemikali walikuwa wanapulizia bakteria huyo huyo miaka mingi kabla. Wakachukua jeni yake wakaiweka ndani ya mmea, 1996 zikaanza kulimwa Marekani kibiashara, na kweli dawa za kunyunyizia wadudu zilipungua sana, wakulima waliokuwa wanazivuta hewani kila msimu walipumua. Hiyo faida siipingi hata kidogo.

Shida ni kwamba mdudu naye ana jeni zake na hajalala. Ukijaza eneo zima mmea mmoja wenye sumu moja, wale wadudu wachache waliokuwa na bahati ya kustahimili ndo wanabaki kuzaana, baada ya miaka kadhaa sumu haifanyi kitu. India funza mwekundu wa pamba alishinda pamba ya jeni moja ya Bt, wakaleta ya jeni mbili akaishinda nayo. Dawa yake inajulikana, unaacha sehemu ya shamba unapanda mbegu ya kawaida ili wadudu wasio sugu wabaki wapandane na wale sugu na usugu usienee haraka, lakini hiyo inataka nidhamu ya watu wote wa eneo hilo na inataka mwenye mbegu na serikali wasimamie, na pakikosekana usimamizi teknolojia nzuri inakufa mikononi.

Ya pili ni mimea inayostahimili dawa ya magugu. Soya ya 1996 iliyowekewa jeni ya kustahimili glaifoseti, unapulizia shamba zima magugu yanakufa soya inabaki. Ilirahisisha kazi mno, watu wakaacha mbinu nyingine zote wakategemea dawa moja kila msimu, matokeo yake magugu sugu yakajaa, kuna mchicha pori mmoja Marekani unaitwa Palmer unashinda glaifoseti na unakua mrefu kuliko mtu. Sasa wamerudi kwenye dawa za zamani kama dikamba, na dikamba inapeperuka inaunguza shamba la jirani ambaye hakupanda mbegu hizo. Huwezi kuniambia hiyo ni hatari ya kufikirika.

Na ya tatu, umiliki. Jeni iliyotengenezwa inakatiwa hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi peke yake umiliki wa alichobuni. Mkulima mmoja wa Indiana alinunua soya kwenye ghala la nafaka akazipanda, akazikuta zinastahimili dawa, akawa anahifadhi mbegu kila mwaka, kampuni ikamshtaki, kesi ikafika mahakama kuu ya Marekani na 2013 majaji wote walikubaliana na kampuni. Mimi hili linaniumiza kuliko mambo ya maabara. Mbegu ni uhai wa mkulima, akishanyimwa haki ya kuitunza amebaki mteja.

kiini_cha_seli:

@udongo_hai nakubaliana na wewe karibu kote. Kitu nachotaka kuongeza ni kwamba usugu wa wadudu na magugu unatokea hata kwa dawa za kawaida na mbegu za kawaida, na hataza zipo hata kwenye baadhi ya mbegu ambazo si GMO. Na kuna mfano unaoenda kinyume na hofu ya umiliki, papai la Hawaii. Kule miaka ya 90 kirusi cha mapapai kiliingia eneo la Puna ambako ndo yalikuwa yanalimwa mengi, miti ikawa inakufa na hakuna dawa. Watafiti wa vyuo vikuu wakiongozwa na Dennis Gonsalves wakachukua jeni ya ganda la kirusi chenyewe wakaiweka kwenye papai, mmea ukawa na kinga. 1998 wakulima wakapewa mbegu bure. Kilimo cha papai kikasimama tena. Jeni moja, shida moja inayojulikana, na hakuna aliyefungwa kwenye mkataba wa kununua dawa.

udongo_hai:

Papai la Hawaii nalikubali, na nalitolea mfano kila mara, ila angalia nani alilitengeneza, vyuo, tena kwa kazi ya miaka zaidi ya kumi. Miradi ya namna hiyo ni michache kwa sababu pesa za utafiti wa umma ni chache na gharama za kupata kibali ni kubwa kiasi kwamba kampuni kubwa tu ndo zinaweza. Yaani masharti magumu tuliyoyadai sisi wenyewe yamewasaidia wakubwa wabaki peke yao. Hili nalisema wazi hata mbele ya wenzangu wanaopinga GMO na hawalipendi.

mtafuta_jibu:

Asanteni sana jamani, nimesoma mara mbili. Swali dogo, nilishasikia kuna mbegu ukipanda mara moja haioti tena zinaitwa sijui za kujiua, ni kweli? Na je aleji, maana kama unaweza kuhamisha jeni ya kitu chochote si unaweza kuhamisha na kinachomdhuru mtu?

kiini_cha_seli:

Mbegu za kujiua hataza yake ilitolewa kweli 1998 ila hazijawahi kuuzwa popote. Kelele zilikuwa kubwa na 1999 Monsanto, kampuni kubwa ya mbegu, wakaahidi hadharani hawatazitumia. Watu wengi wanachanganya na chotara, chotara inaota tena ila watoto wake hawafanani na mama, mavuno yanashuka, ndo maana unarudi dukani kila msimu.

Aleji umeuliza jambo la maana sana na limeshatokea. Kuna kampuni ilitaka soya ya kulisha mifugo iwe na methionini zaidi (hiyo ni asidi amino mojawapo), ikachukua jeni ya njugu za Brazil. Zikapimwa kwa damu ya watu wenye aleji ya njugu hizo, ikaonekana protini iliyohamishwa ni ile ile inayowadhuru. Matokeo yakachapishwa 1996 na mradi ukafutwa, soya haikuingia sokoni. Wapinzani wanautumia mfano huu kuonyesha hatari, wanaounga mkono wanautumia kuonyesha vipimo vinafanya kazi, na wote wana haki maana bila kile kipimo ingekuwa balaa.

zamu_ya_usiku:

Habari zenu. Mimi nipo upande wa wagonjwa wa damu, nimeona hili la mdogo wako mtafuta_jibu nikaona nisipite. Nitaandika taratibu maana hapa kuna matumaini ya kweli na kuna watu wanayauza matumaini hayo kwa uongo.

Selimundu inaanzia kwenye herufi moja. Moja tu, A imekuwa T kwenye jeni ya beta globini, kwa hiyo asidi amino moja kwenye himoglobini imebadilika, valini badala ya glutamiki. Oksijeni ikipungua himoglobini hizo zinashikana zinakuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo, ndo maumivu yale unayoyaona kwa mdogo wako. Kila nikimhudumia mgonjwa yuko kwenye kipindi kile cha maumivu nawaza herufi moja kati ya bilioni 3.

Sasa CRISPR, ndo mbinu ya kuhariri jeni aliyoisikia mdogo wako. Hii nayo imetoka kwa bakteria, ni kinga yao dhidi ya virusi, wanahifadhi vipande vya DNA ya kirusi kilichowahi kuwashambulia na kikirudi wanakitambua. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha unaweza kuielekeza unapotaka wewe, unatengeneza kipande kifupi cha RNA (jamaa wa karibu wa DNA) chenye herufi zinazolingana na sehemu unayoilenga, kinaiongoza protini inaitwa Cas9 mpaka pale, Cas9 inakata. Tofauti na vile vimeng'enya alivyoeleza kiini_cha_seli ni kwamba vile vinakata kwenye mfuatano wa herufi vilivyozaliwa nao tu, hii unaipa anwani mpya kila ukitaka. 2020 wakapewa Nobel ya kemia.

Tiba iliyoidhinishwa inaitwa Casgevy, Uingereza Novemba 2023, Marekani Desemba 2023, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea wenye hali kali. Na hairekebishi ile herufi iliyokosewa, watu wengi wanadhani hivyo. Ukiwa tumboni mwa mama una himoglobini ya mtoto ambayo haipindi, ukizaliwa kuna jeni inaitwa BCL11A inaizima taratibu. Casgevy inakata sehemu inayoiwasha BCL11A kwenye seli za damu, himoglobini ya mtoto inarudi, chembe haziwi mundu tena. Kwenye majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila vipindi vikali vya maumivu. Kwa ugonjwa huu hiyo ni habari kubwa mno, nililia niliposoma.

Lakini njia yake si nyepesi na mdogo wako anatakiwa aijue. Wanatoa seli shina za damu, zile zinazozalisha chembe zote za damu, zinapelekwa maabara kuhaririwa, inachukua miezi, halafu kabla ya kumrudishia wanampa dawa kali ya kemo inayofagia uboho wake wote ili seli mpya zipate nafasi. Anakaa hospitali wiki kadhaa bila kinga, nywele zinatoka, vidonda mdomoni, na hiyo kemo inaweza kumnyima uwezo wa kuzaa. Gharama ni kubwa kiasi kwamba wagonjwa wengi duniani hawaifikii kabisa. Na kilichobadilishwa ni seli za damu tu, mayai au mbegu zake za uzazi hazijaguswa, watoto wake bado wanaweza kurithi ile jeni ya selimundu.

Hatari zake pia zina historia, tusiifiche. 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki kwenye jaribio la tiba ya jeni Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwili ulikipokea kwa ukali mno kile kirusi kilichotumika kubebea jeni. Miaka michache baadaye Ufaransa watoto waliotibiwa ukosefu wa kinga wa kuzaliwa walipona kweli, lakini baadhi wakapata saratani ya damu kwa sababu jeni iliyoingizwa ilitua karibu na jeni nyingine ikaiwasha. CRISPR nayo inaweza kukata mahali palipofanana na lengo, ndo maana wagonjwa wanafuatiliwa miaka 15.

udongo_hai:

Dada zamu_ya_usiku (samahani kama nimekosea), umeeleza vizuri. Sasa hapo kwenye watoto kurithi, si kuna yule mchina aliyehariri watoto kabisa?

zamu_ya_usiku:

Ni dada, hujakosea. Ndiyo, He Jiankui, Novemba 2018 alitangaza mapacha wa kike waliohaririwa wakiwa bado viinitete, alilenga jeni CCR5 ili eti wasiambukizwe VVU. Kwanza hawakuwa na ugonjwa wowote, na kuna njia za kawaida za kumkinga mtoto wa baba mwenye VVU. Pili mabadiliko yaliyotokea hayakuwa yale yanayojulikana kwa asili, na haikuonekana kwamba kila seli yao imebadilika sawasawa. Mgonjwa wangu mzima anaweza kukaa na daktari akauliza, akakataa, akakubali, kiinitete hakiulizwi na watoto wa watoto wake hawataulizwa. Alifungwa miaka mitatu. Kwangu mimi mstari uko pale, kutibu mtu aliyepo na anayeumwa ni kazi yetu, kumwandikia mtu ambaye hajazaliwa na kizazi chake chote hatuna ruhusa hiyo wala ujuzi huo.

kiini_cha_seli:

Naunga mkono. Na kuna kingine cha aina hiyo kwa mazingira, ile mbinu ya kulazimisha jeni isambae. Kwa kawaida mtoto anarithi nusu kwa kila mzazi, hapa unaweka CRISPR ndani ya kiumbe chenyewe ijinakili hadi karibu watoto wote waipate. 2018 watafiti wa Imperial College London waliifanyia mbu wa malaria ndani ya vizimba, ndani ya vizazi 7 hadi 11 mbu wote wakaisha. Ukifikiria watoto wanaokufa kwa malaria moyo unasema achieni leo. Lakini mbu hana mpaka, ukishamwachia humrudishi, na majirani wote wanatakiwa wawe wamekubali. Mimi nataka ifike, ila kisiwa kimoja kwanza, hatua kwa hatua, na watu wa pale wakiwa wanajua kila kitu.

mtafuta_jibu:

Nimeelewa kwa mara ya kwanza, Mungu awabariki. Dada zamu_ya_usiku sasa nimwambie nini mdogo wangu? Kuna sehemu ameiona mtandaoni wanasema wanachoma sindano moja ya jeni anapona, malipo kabla.

zamu_ya_usiku:

Hiyo ya sindano moja na malipo kabla asiiguse. Tiba iliyoidhinishwa ya selimundu lazima ipitie kutoa seli, kemo na kulazwa. Wapo watafiti wanaotafuta njia ya kuhariri moja kwa moja ndani ya mwili kwa sindano, ila hiyo iko kwenye utafiti, na jaribio halali halimtozi mgonjwa pesa ya dawa inayojaribiwa, lina kamati ya maadili, lina fomu anayosomewa na kupewa muda wa kufikiri, na lina namba ya usajili ambayo daktari wake anaweza kuitafuta. Akiambiwa asimwambie daktari wake, aondoke.

Mwambie tiba ni ya kweli na watu wamepona maumivu, usimvunje moyo. Halafu muulize kama anatumia haidroksiyurea. Hivyo ni vidonge vya siku nyingi, na vinafanya kitu kinachofanana na lengo la CRISPR, vinapandisha himoglobini ya mtoto japo si kwa kiwango kile, vinapunguza vipindi vya maumivu kwa wagonjwa wengi, na nakutana na wengi sana ambao hawajawahi hata kutajiwa. Vinahitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa hiyo asijinunulie mwenyewe. Aende kliniki, aulize kwa jina, na apimiwe kiwango cha himoglobini ya mtoto alichonacho sasa, kiandikwe kwenye faili lake.